Mzee wa Gongo na Pete ya Almasi

Ndugu msomaji, wewe ambaye kama mimi unaandika usiku kwenye daftari la mistari na kulificha chini ya godoro, hebu nikusimulie habari za mwandishi mmoja aliyebahatika. Jina lake Dorothy Day, Mmarekani, mzaliwa wa Brooklyn, New York, mwaka 1897. Aliacha chuo kikuu baada ya miaka miwili tu, akaingia kuandika katika magazeti ya wajamaa, na mwaka 1917 akatiwa jela kwa kusimama mbele ya Ikulu ya Marekani pamoja na wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Mwaka 1924 akatoa riwaya, The Eleventh Virgin. Riwaya yenyewe si nzuri kihivyo, mwenyewe baadaye aliionea haya, lakini watu wa sinema waliinunua na yeye akapata dola 2,500. Sinema haikutengenezwa kamwe, ila pesa ilikwisha lipwa. Akanunua kibanda ufukweni, Staten Island, akakaa humo na mwanamume aliyempenda, bahari mbele, taipu mezani. Sasa niambie, nani kati yetu hajaiota ndoto hiyo?

Habari hizi nilizisoma katika kitabu chake cha maisha, The Long Loneliness, kilichotoka mwaka 1952. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, hakina jalada, na Kiingereza chake nilipambana nacho kwa kamusi na elimu yangu ya kidato cha nne. Nilikuwa natafuta namna ya kuwa mwandishi. Mama huyu akanishika mkono na kunipeleka kwingine kabisa, akaniacha huko.

Maana kibandani hakukaa. Mwaka 1926 alizaa mtoto wa kike, Tamar. Kabla ya hapo aliwahi kutoa mimba na akaamini hatazaa tena, kwa hiyo furaha ya mtoto ilimzidi kimo, akawa hana wa kumshukuru ila Mungu. Baba wa mtoto hakuamini Mungu wala ndoa. Mwaka 1927 Tamar akabatizwa, na mwezi Desemba mwaka huohuo mama naye akabatizwa Mkatoliki, na mapenzi ya ufukweni yakaishia hapo. Wengi wetu, tusidanganyane, tunaikumbuka rozari wiki ya mtihani. Huyu aliingia Kanisani kwa sababu ya furaha, na furaha hiyo akailipia kwa kumpoteza mtu wake.

Marafiki zake wajamaa walimwona msaliti. Kanisa, walisema, ni la matajiri na wenye nyumba za kupangisha. Na yeye kwa miaka mitano hivi aliishi na swali hilo kama mtu anayeishi na mfupa kooni. Desemba 1932 alikwenda Washington kuandika habari za maandamano ya wenye njaa, wakati ule wa mdororo mkubwa wa uchumi ambapo mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Aliwaona wakipita na nguo zao zilizochakaa, naye, Mkatoliki, amesimama kando na kalamu. Tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, akaenda kanisani akasali kwa machozi aonyeshwe la kufanya. Aliporudi New York akakuta mgeni anamsubiri nyumbani: Peter Maurin, Mfaransa, mtoto wa wakulima, aliyewahi kuwa bruda wa shirika la waalimu, sasa kibarua, koti limejaa vumbi na mifuko imejaa vitabu. Huyo bwana alikuwa haishiwi maneno. Alitaka mambo matatu: gazeti, nyumba za ukarimu mijini, na mashamba ya kulima pamoja.

Gazeti likatoka tarehe 1 Mei 1933, The Catholic Worker, nakala 2,500, likauzwa kwa mkono uwanjani Union Square katikati ya mkutano wa wakomunisti. Bei senti moja. Katika miaka michache likapita nakala 100,000. Na mpaka leo bei ya nakala ni senti ileile moja, jambo ambalo mhariri wetu anaweza kulitafakari kwa uchungu.

Lakini hapa kwenye gazeti ndipo mimi nilipoanza kuogopa. Waliandika kwamba mwenye njaa alishwe na asiye na makao apokewe, basi wenye njaa na wasio na makao wakaja kugonga mlango. Walikuwa wamesoma, au wamesikia kwa waliosoma. Nyumba ya kwanza ya ukarimu ilizaliwa hivyo, na nyingine zikafuata mji baada ya mji: mkate, kahawa, supu, kitanda ukibahatika. Sisi waandishi chipukizi tunapenda kuandika kuhusu dhuluma na umaskini wa mitaa yetu. Hatujiulizi tutafanyaje iwapo yule tuliyemwandika atakuja na sufuria yake mkononi.

Jambo lenyewe si geni katika Kanisa. Mafundisho tuliyokariri ya Komunyo ya Kwanza yanayo matendo ya huruma: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika walio uchi, kupokea wageni, kuwatazama wagonjwa na wafungwa, kuzika wafu. Na Injili ya Mathayo sura ya 25 inasema wazi kwamba aliyetendewa au kunyimwa ni Yesu mwenyewe. Miaka 100 kamili kabla ya gazeti la Dorothy, mwaka 1833, kijana mmoja wa Paris, Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa miaka 20, alidhihakiwa na wenzake: ninyi Wakatoliki mnatamba na historia, leo mnafanya nini? Akakusanya wenzake wachache, wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mtaa wake nyumba kwa nyumba, awafundishe. Hicho ndicho Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho kipo katika parokia nyingi hata huku kwetu. Napenda kwamba kanuni yao ilikuwa kumfuata maskini nyumbani kwake. Foleni wengine wanaweza kuipanga. Wao walikwenda kukaa naye kwenye kigoda.

Sasa nije kwenye pete. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na waliomfahamu Dorothy. Siku moja mwanamke mwenye uwezo alikuja kwenye nyumba ya ukarimu akatoa pete ya almasi. Dorothy akashukuru, akaitia mfukoni. Baadaye akaingia bibi mmoja aliyezoea kula pale, mwenye mdomo mchafu na malalamiko yasiyokwisha, mtu ambaye wote walimkimbia. Dorothy akatoa pete akampa. Mmoja wa wasaidizi alishindwa kuvumilia: si ingeuzwa, ikalipa kodi ya chumba cha bibi huyu mwaka mzima? Dorothy akajibu kwamba bibi ana heshima yake. Akitaka ataiuza, akitaka atasafiri nayo, akitaka ataivaa kidoleni kama yule mama aliyeitoa. Akauliza kama wanadhani Mungu aliumba almasi kwa ajili ya matajiri peke yao.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili kilinikera, maana nami nina akili ya hesabu. Mara ya tatu nilikihitaji.

Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo, huku uswahilini, Dar es Salaam. Jumuiya hizi maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa kazi ya kichungaji tangu mwaka 1976, na bila shaka hawakufikiria kwamba ukatibu utamwangukia yeyote mwenye mwandiko unaosomeka. Basi daftari ninalo mimi. Kila Kwaresima tunachanga, tunanunua mchele, sukari, sabuni na mafuta, tunawapelekea wahitaji wa mtaa. Daftari nililolirithi lina safu tatu: jina, umri, sababu. Mjane. Mgonjwa. Yatima. Sababu ikiwa nzuri, jina linapita.

Yupo mzee mmoja, fundi viatu. Jina lake nalijua, ila hakunipa ruhusa ya kulitaja katika gazeti. Hana mke, mtoto hamwoni, macho yanaanza kuzimika, na anakunywa gongo. Mwaka jana mchele aliopewa saa nne, saa nane ulikuwa umekwisha kuwa gongo. Mtaa mzima ulijua. Kwaresima hii ajenda ya tatu ilikuwa yeye: jina lifutwe au libaki?

Aliyesimama kutaka lifutwe ni mweka hazina wetu, mama auzaye vitumbua. Nataka nimtendee haki mama huyu, kwa sababu katika hadithi za kidini mtu wa namna yake huwa anawekwa pale apate kushindwa. Mama huyu anaamka saa tisa usiku. Anawalea wajukuu watatu. Mchango wake wa shilingi elfu mbili ni unga na nazi ambazo hazikununuliwa siku hiyo. Alisema, "Mimi sili nikashiba ili yeye akalewe. Mkitaka kumnywesha, mnyesheni kwa jasho lenu." Watu wakapiga makofi, na mimi moyoni nilikiri kwamba sentensi hiyo ni bora kuliko nyingi nilizoandika.

Nikaomba nafasi, nikasimulia pete ya almasi. Kimya. Halafu mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Katibu, hiyo pete alitoa nani? Ni mwenye nazo. Sisi humu nani ana almasi?"

Swali hilo limenikalia mpaka leo, na ni swali la haki. Dorothy Day alichagua umaskini. Angeweza kubaki na kibanda chake cha ufukweni na kazi ya magazeti. Akaacha, akavaa nguo za msaada, akalala chumba kimoja na wengine, kelele, kunguni, harufu ya supu iliyolala. Yeye mwenyewe alizitenga habari hizi mbili, na nadhani Kiswahili kinazitenga vizuri zaidi: umaskini, ambao mtu anaweza kuuchukua kwa hiari ili asiwe na kitu cha kumzuia kupenda, na ufukara, ambao ni uovu na lazima upigwe vita. Mama wa vitumbua hakuchagua. Kumwambia yeye habari za uzuri wa umaskini ni utani mbaya, na mapadri na vijana wasomaji wa vitabu tungeuacha.

Lakini hapohapo ndipo naona nguvu ya jambo lenyewe. Katika vitabu vingi vya ibada maskini ni mtu wa kupokea tu, mkono ulionyooshwa. Kwetu anayetoa ni maskini na anayepokea ni maskini, wanatazamana kwa tundu la ukuta mmoja. Hakuna anayeweza kujifanya Msamaria aliyeshuka kutoka juu ya punda. Na swali la "anastahili?" ndiyo maana linauma zaidi kwetu kuliko kwa tajiri, kwani tajiri likimshinda atatoa tu na kusahau. Dorothy alikataa swali hilo kabisa. Hakuna aliyefika kwenye foleni yake ya supu akaulizwa kama ni mlevi, ni Mkatoliki, au ana nia ya kubadilika. Waliiba, walitukana, wengine walikaa kwa miaka. Alipenda riwaya za Dostoevsky, na alirudia tena na tena yale mazungumzo katika Ndugu Karamazov ambamo mzee Zosima anamwonya mama mmoja kwamba upendo wa kuota ni mtamu, wa kutenda ni mkali na unatisha. Ona, riwaya ilimsaidia kupika supu.

Kikao chetu kilichukua saa mbili. Mwisho ukapatikana ule uamuzi wa Kiswahili ambao haumfurahishi mtu: jina libaki, ila asipewe mchele mbichi, apewe chakula kilichopikwa. Na nani atapika? Kila mtu akatazama chini. Aliye jirani yake, ukuta kwa ukuta, ni mama wa vitumbua. Akasonya. Akasema, "Haya, leteni huo mchele."

Siku ya kwanza mzee alikuja, akala, akaondoka. Siku ya pili nilikuwepo. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu," akaonja, akasukuma sahani akisema wali hauna chumvi. Nilimtazama mama nikijua kitakachotokea. Alimshushia maneno ambayo siwezi kuyachapa katika gazeti linalosomwa na wazazi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la chumvi, akalibwaga mezani. Siku ya nne mzee hakuja. Sahani ilifunikwa kwa kawa mpaka usiku, na wajukuu walikatazwa kuigusa.

Sijui kama hiyo ni huruma au ni ukaidi. Dorothy naye alikuwa mkali, waliofanya naye kazi wamesema. Na alikuwa mgumu kwa mambo ambayo watu wenye busara huyaacha yapite. Mwaka 1960 serikali ya jiji la New York ilipochelewa kuwalipa fedha za nyumba iliyochukuliwa, ikaongeza riba ya dola 3,579.39. Alizirudisha zote na barua, akisema hawaamini kupata faida kwa riba. Fedha zile zingenunua mikate mingapi! Nilipowasimulia vijana wenzangu wa kikoba hawakucheka hata kidogo.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Marekani. Lakini mwaka 1970, katika safari iliyompeleka Australia na Kalkuta kwa Mama Teresa, Dorothy Day alipita pia Tanzania, akiwa na umri wa miaka 72. Hakuja kututazama kama wahitaji. Ujamaa wa Mwalimu ulimvuta, maana ulifanana na mashamba ya pamoja aliyoyaota Peter Maurin. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere naye alikuwa New York akihutubia masista wa Maryknoll, na aliwaambia bila kuzunguka kwamba Kanisa lisiloshiriki katika kupinga mifumo inayowafukarisha watu litaonekana halina maana. Ujamaa wetu tunajua ulifikia wapi, na vijiji vile vingi watu hawakuhamia kwa hiari. Hilo Dorothy asingelikubali: kwake kila kitu kilianza na mtu mmoja kuamua mwenyewe. Leo wote wawili Kanisa linawaita Watumishi wa Mungu, hatua ya kwanza ya kuelekea utakatifu, yeye tangu mwaka 2000 na Mwalimu tangu 2005. Inasimuliwa kwamba Dorothy hakutaka kuitwa mtakatifu wakati wa uhai wake, asije akawekwa kando kirahisi namna hiyo.

Narudi kwenye kalamu, maana najua baadhi yenu mnajiuliza kama yanawahusu. Mwaka 1956 mahakama ilimtoza Dorothy faini ya dola 250 kwa sababu nyumba ya ukarimu haikutimiza masharti ya kinga ya moto. Asubuhi alipokuwa akitoka kwenda mahakamani, kati ya watu waliosubiri nguo mlangoni, mwanamume mmoja aliyevaa ovyo alimsogelea na kumwachia karatasi. Alidhani ni cheki ya dola mbili na nusu. Alipoisoma vizuri ndani ya treni akaona ni 250 kamili, na jina ni W. H. Auden, mshairi mkubwa kabisa wa wakati ule. Hakumtambua. Alimwona kama mmoja wa wale wa mlangoni.

Na mwaka 1952 mwanafunzi wa udaktari, Robert Coles, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri, alikwenda kumwona. Akamkuta amekaa na mama mmoja mlevi, ambaye maneno yake hayana mwanzo wala mwisho, anamsikiliza. Coles akasimama akingoja. Hatimaye Dorothy akainuka, akamwuliza kama anamsubiri mmoja wao. Mmoja wao! Hakuona kuwa ni dhahiri mgeni amemjia yeye.

Nimeiandika sentensi hiyo ukutani juu ya meza yangu, kwa Kiswahili changu. Katika riwaya ninayoiandika yumo mlevi, na kwa kurasa 60 alikuwepo ili watu wacheke na mhusika mkuu apate wa kumsaidia. Sasa namsikiliza fundi viatu anaposhona soli yangu. Anajua ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe kwa kunusa. Aliwahi kushona viatu vya bwana harusi usiku kucha na hakulipwa, na mdeni anamtaja mpaka leo kwa jina na ukoo. Sijui nimfanyie nini katika sura ya nne. Kila ninalomwandikia analikataa.

Daftari la jumuiya limejaa, nimenunua jipya. Nimechora safu mbili, jina na umri, na mwenyekiti amekwisha niuliza ile ya tatu iko wapi. Kikao kijacho ni Alhamisi. Ajenda ya tatu ni ileile.